Shajara ya mradi: viza ya J-1, kutoka Likoni hadi Indiana

Novemba 2022

Nimelifungua daftari hili kwa sababu moja. Tangu nianze kuulizia viza ya mabadilishano ya utamaduni, kila ninayemuuliza hunipa habari za mtu mwingine: fulani alinyimwa, fulani alipewa, fulani alikwenda hakurudi. Karatasi zenyewe hakuna aliyenionyesha. Nitaandika kila hatua ninayoipita pamoja na tarehe yake, ili mwalimu atakayekuja nyuma yangu apate pa kuanzia.

Mradi wenyewe ni huu. Nataka kwenda kufundisha Kiswahili chuo kikuu Marekani kwa miezi tisa, kupitia programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha, ile inayojulikana kwa herufi FLTA. Mimi ni mwalimu wa bodi katika shule ya sekondari ya kutwa kaunti ya Kwale. Nafundisha Kiingereza na Kiswahili, TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, bado haijaniajiri. Maombi nilipeleka Agosti, wiki ileile nchi nzima ilipokuwa imekaa kusubiri matokeo ya urais. Wiki hii nimehojiwa na jopo la programu. Hayo yamepita, sasa ni kungoja.

Aprili 2023

Nimepata chuo. Kiko mji mdogo kaskazini mwa Indiana. Nitafundisha au kusaidia kufundisha kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, na kila muhula nitasoma angalau masomo mawili, mojawapo lihusu Marekani yenyewe. Nimelisoma sharti hili mara mbili ili nilielewe: siendi kama mfanyakazi tu wala kama mwanafunzi tu. Naenda kufundisha na kujifunza, na ndiyo maana viza yake si ya kazi. Ni J-1, viza ya mgeni wa mabadilishano. Ilizaliwa na sheria ya mwaka 1961, sheria ya mabadilishano ya elimu na utamaduni, ingawa Fulbright yenyewe ni ya tangu 1946.

Nyumbani furaha imechanganyika na ushauri. Ami yangu alikuja jioni akaketi barazani, akanywa kahawa yake hadi tone la mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, Mungu akikufungulia mlango usirudi nyuma. Ukifika huko, kaa." Sikumjibu palepale, kwa heshima. Lakini humu nitaandika. Programu hii inalipiwa na serikali ya Marekani, na kwa hiyo anayeipokea anafungwa na kifungu cha 212(e) cha sheria yao ya uhamiaji: akimaliza, hapati ukaaji wa kudumu wala viza za kazi za H na L mpaka awe amekaa nchini kwake miaka miwili kwa jumla. Kuna njia za kuomba usamehewe sharti hilo, lakini kwa aliyelipiwa na Fulbright ni nyembamba mno. Mimi siitafuti. Nilipotia sahihi maombi nilieleza kwamba nitarudi Kwale kuanzisha chama cha lugha na vitabu shuleni, na vijana wa Kidato cha Pili wameshaniuliza kitaanza lini.

Wangari Maathai alikwenda Kansas mwaka 1960 akiwa msichana, akasoma, akarudi. Nilimwambia Ami hivyo kesho yake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, basi rudi na kitu."

Mei 22, 2023

Leo nimekwama, na kosa ni langu.

Karatasi inayobeba mambo yote inaitwa DS-2019. Si viza. Hutolewa na mdhamini wa programu, kwangu mimi ni taasisi ya IIE inayoiendesha FLTA kwa niaba ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ina jina lako, tarehe za kuanza na kumaliza, jina la mdhamini, na hesabu ya fedha: nani analipa nini. Juu yake kuna namba inayoanza na herufi N, namba yako katika Sevis, mfumo wa kompyuta ambao serikali yao huutumia kufuatilia wanafunzi na wageni wa mabadilishano. Bila karatasi hii hakuna mahojiano ubalozini.

Yangu imefika kwa barua pepe. Nikaiweka kando ya pasipoti, nikasoma herufi kwa herufi kama ninavyosahihisha insha. Majina hayalingani. Kwenye shahada yangu jina la babu ndilo la mwisho. Kwenye pasipoti jina la ukoo ni la baba, na la babu limeingizwa safu moja na jina langu. Mwaka jana nilijaza maombi nikiwa na shahada mkononi. Pasipoti ilikuwa bado haijatoka. Mfumo ukachukua nilichoandika.

Kwetu pwani mtu ni fulani bin au binti fulani, na mpangilio wa majina hautusumbui maana kila mtu anajua wewe ni wa nyumba gani. Mashine haimjui babu yako. Ikiona jina la ukoo tofauti itakuhesabu wewe ni mtu mwingine, na tofauti hiyo itakufuata hadi uwanja wa ndege, benki na ofisi ya kodi.

Nimeandika barua kwa mdhamini, nikaambatisha picha ya ukurasa wa pasipoti.

Juni 2, 2023

DS-2019 mpya imefika. Namba ya Sevis ni ileile, majina sasa ni ya pasipoti. Siku kumi na moja zimekwenda. Nimeiprinti na kutia sahihi pale chini.

Juni 12, 2023

Leo kutwa nzima nilikuwa saiba, duka la intaneti, kujaza fomu ya DS-160. Hii ndiyo fomu ya kuomba viza yenyewe. Jambo la kwanza ukiifungua: andika pembeni ile namba ya maombi inayotokea kwenye kioo, pamoja na jibu la swali la siri utakalochagua. Ukikaa dakika 20 bila kugusa kitu, fomu inajifunga, na bila namba hiyo unaanza upya. Umeme ulipotea mara moja mchana. Kwa kuwa namba nilikuwa nimeiandika kiganjani kwa kalamu, nilirudi palepale nilipoachia.

Wanauliza mengi: safari za nyuma, wazazi, shule, kazi, akaunti za mitandao ya kijamii ulizotumia miaka mitano iliyopita. Jibu kweli, na jibu yale uliyoulizwa. Kijana wa saiba, ambaye amejazia watu wengi fomu, alinishauri nisitaje kwamba nina binamu Ohio, "utaonekana unataka kukimbilia kwake." Nilimshukuru, nikamtaja. Siwezi kuanza safari ya kufundisha kwa kuficha ndugu.

Picha ndiyo iliyonichosha. Inatakiwa mraba wa sentimita 5 kwa 5, nyuma pawe peupe, bila miwani. Hijabu inaruhusiwa ikiwa ni vazi la dini, mradi uso wote uonekane, kuanzia kidevu hadi kwenye paji, na pasiwe na kivuli cha kitambaa shavuni. Mpiga picha amezoea saizi ya pasipoti na pazia la buluu. Nilimwomba atandike shuka jeupe ukutani. Picha ya kwanza hijabu yangu nyeupe ikazama kwenye shuka, kichwa kikawa kama kimeyeyuka. Nikaazima mtandio wa kijani wa dada aliyekuwa akisubiri zamu, nikaukaza nyuma ya masikio, na mpiga picha akanisogeza hatua moja mbele ili kivuli kishuke sakafuni. Hiyo ndiyo iliyokubalika.

Kuhusu ada: mimi sikulipa. Namba ya programu yangu inaanza na G-1, maana yake inafadhiliwa na serikali ya Marekani, na walio kwenye programu hizo wamesamehewa ada ya Sevis na ada ya viza pia. Anayekwenda kwa programu binafsi hulipa: Sevis ni dola 220, na ada ya viza ya J inapanda wiki hii, tarehe 17, kutoka dola 160 hadi 185. Nimeandika hili kwa sababu nimeshakutana na mwalimu aliyelipa ada ambayo hakutakiwa kuilipa, na mwingine aliyedhani zote zimesamehewa, akarudishwa mlangoni. Tazama namba ya programu kwenye DS-2019 yako kabla hujatoa hata shilingi.

Julai 6, 2023

Nimeandika haya nikiwa Nairobi kwa binamu, miguu ikiuma, moyo umetulia.

Nilipanda treni Miritini jana, nikafika Syokimau jioni. Asubuhi mapema tukaelekea Gigiri. Simu na mkoba nilimwachia binamu; hapo hakiingii kitu zaidi ya karatasi. Foleni ilikuwa ndefu na kimya, watu wameshika bahasha zao kwa mikono miwili.

Sheria yao, kifungu cha 214(b), humchukulia kila mwombaji wa viza kama hii kuwa anataka kuhamia huko mpaka yeye mwenyewe aonyeshe vinginevyo. Nilikuwa nimejiandaa: barua ya mwalimu mkuu kwamba nafasi yangu itaningoja, cheti cha usajili wa TSC, mpango wa chama cha lugha. Afisa hakuuliza hata moja kati ya hizo. Aliitazama DS-2019, akaniuliza nitafundisha nini, wapi, na nitafanya nini nikirudi. Kisha akauliza siku ya kwanza darasani nitaanzaje.

Nikamwambia kupitia kioo, "Shikamoo." Nikanyamaza.

Alinitazama. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba nimemwamkia kwa heshima, na kwamba mpaka ajibu neno lake, mazungumzo hayajaanza. Nikamfundisha. Akasema, "Marahaba," akaweka mkazo pale panapotakiwa, silabi ya pili kutoka mwisho, na akatabasamu. Mahojiano yote hayakufika dakika tano. Pasipoti wamebaki nayo.

Kesho ni Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO. Nitaisherehekea ndani kwa binamu, maana kesho pia ni maandamano ya Saba Saba na mji hautabiriki.

Julai 24, 2023

Pasipoti imefika. Wiki mbili hizi zilikuwa ngumu: tarehe 12 barabara ya Mombasa kule Mlolongo ilichafuka, kisha wiki iliyopita siku tatu mfululizo za maandamano. Niliogopa bahasha isipotee njiani. Haikupotea.

Viza imebandikwa ukurasa mzima. Nimeisoma kila mstari. Chini pameandikwa namba yangu ya Sevis, jina la programu, na maneno kwamba mwenye viza hii anafungwa na 212(e), sharti la miaka miwili linamhusu. Nilimwonyesha Ami. Alivaa miwani, akasoma polepole kwa sauti, akarudisha pasipoti mezani. "Wameandika kabisa," akasema.

Agosti 9, 2023. Chicago, kisha basi

Tiketi ilinunuliwa na programu. Kwa kuwa ni fedha za serikali yao, sheria inawataka watumie ndege za mashirika ya Marekani au yale yenye ubia nayo, kwa hiyo njia huchaguliwi kwa urahisi wako. Nilipita Amsterdam.

Nataka niandike kwa herufi kubwa kwa ajili ya atakayesoma: PASIPOTI NA DS-2019 ZIKAE KWENYE MKOBA WA MKONONI. Mwenzetu mmoja niliyemkuta kwenye foleni ya uhamiaji O'Hare alikuwa amezifunga kwenye sanduku, na sanduku liko upande wa pili wa ukaguzi. Alitolewa kwenye foleni, akapelekwa chumba cha pembeni. Sikumwona tena hadi nilipoondoka.

Mimi nilionyesha vyote viwili, nikaulizwa naenda wapi, nikapigwa muhuri. Kwenye muhuri pameandikwa J-1, na mbele yake D/S. Herufi hizo mbili ndizo nilizokuja kuzielewa baadaye kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu.

Agosti 30, 2023

Sasa nitaeleza nilichoelewa, maana nyumbani hakuna aliyewahi kunieleza.

Viza ni ya kuingilia. Kazi yake ni kukufikisha mlangoni na kukuruhusu ubishe hodi. Ukishaingia, kinachokuweka ndani kihalali si viza tena, ni hadhi. D/S maana yake muda wa hadhi: utakaa mradi unafanya kile ulichokuja kufanya, ndani ya tarehe za DS-2019 yako. Ndiyo maana mwenzangu mmoja hapa, ambaye nchi yake hupewa viza ya muda mfupi, yake itakwisha kabla ya Krismasi na yeye ataendelea kufundisha bila tatizo. Asipotoka nchini, haimdhuru. Na kinyume chake ni kweli: mtu anaweza kuwa na viza nzuri ya mwaka mzima na hadhi imeshakufa, kwa sababu aliacha darasa au alifanya kazi asiyoruhusiwa.

Kwa hiyo kupata viza ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuitunza hadhi, na hiyo hufanywa kila wiki.

Niliyofanya mwezi huu. Siku ya pili nilikwenda ofisi ya wageni wa kimataifa chuoni na karatasi zangu, wakaniandikisha kuwa nimefika, na Sevis yangu ikawa hai. Hili lina muda: siku 30 tangu tarehe ya kuanza programu, zikipita bila kuandikishwa, mfumo unaweza kukuhesabu kama hukuja. Halafu nikafungua tovuti ya forodha na mipaka nikatoa I-94, kumbukumbu ya kuingia kwangu, kuhakikisha nayo inasema J-1 na D/S na jina ni sahihi. Jina lilikuwa sahihi. Nilishusha pumzi.

Kisha namba ya hifadhi ya jamii. Ukienda haraka, mfumo wao unakuwa bado haujapata habari zako na unarudishwa. Nilingoja siku kumi na mbili, nikaenda na pasipoti, DS-2019, I-94 na barua, nikapokelewa.

Bima ya afya ni sharti la hadhi, si hiari. Kanuni inataka angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kumsafirisha mgonjwa kurudi kwao, na 25,000 za kusafirisha mwili. Yangu imetolewa na programu. Ile namba ya mwisho niliisoma nikakumbuka michango ya mazishi tunayochanga nyumbani kila mtu anapofia ughaibuni, na nikawaombea wale waliosafiri bila kitu.

Oktoba 10, 2023

Nimeponea chupuchupu. Tarehe 1 nilihama kutoka bweni la muda kwenda chumba cha kupanga. Benki niliwaambia, binamu nilimwambia, hata mama nilimtumia picha ya dirisha. Ofisi ya wageni wa kimataifa sikuwaambia. Leo mmoja wao ameniuliza kwa bahati tu kama bado naishi bwenini. J-1 akihama ana siku kumi za kutoa taarifa ya anwani mpya, na leo ilikuwa ya tisa. Nilijaza palepale nikisimama.

Nimeweka kengele kwenye simu: kila tarehe 1 ya mwezi najiuliza anwani, bima, masomo, tarehe za DS-2019.

Darasani. Wanafunzi kumi na mmoja. Leo nilileta kanga, nikaitandaza mezani, nikawaonyesha pindo, mji, na jina. Jina la kanga yangu ni "Wema hauozi." Msichana mmoja aliandika ubaoni "Wema haozi," akauliza mbona yake si sahihi, kwani hatukujifunza "yeye haozi"? Nikamwambia angekuwa sahihi kama Wema ni mtu, na kwetu wapo wasichana wanaoitwa hivyo. Lakini wema wa hapa ni jambo, uko ngeli ya U, kwa hiyo *ha* inakutana na *u*. Alifuta, akaandika upya, akaisoma kwa sauti mara tatu. Karatasi zote nilizozijaza tangu mwaka jana zilikuwa kwa ajili ya dakika ile.

Desemba 2023

Mkutano wa katikati ya mwaka, Washington, D.C. Ndani ya nchi sihitaji sahihi yoyote ya kusafiri. Nabeba tu pasipoti na DS-2019. Ningetaka kutoka nje ya Marekani na kurudi, ningehitaji sahihi ya afisa kwenye ile DS-2019, upande wa kulia chini. Shangazi yangu wa Toronto alinialika. Nilihesabu viza ya Kanada, sahihi, ruhusa ya programu na siku za masomo, nikamwomba radhi. Tumezungumza kwa simu.

Februari 17, 2024

Theluji hadi magotini. Lakini hiki ndicho kisa ninachotaka kukiandika kwa urefu.

Katika mji huu kuna familia za Wakongo waliokuja kama wakimbizi, na wengi Kiswahili ndicho lugha yao. Kampuni moja ya wakalimani ilinipigia: wananihitaji Jumamosi, dola 30 kwa saa, kukalimani hospitali. Fedha ile kwangu ni nyingi. Tena ni kazi nzuri, inasaidia watu wanaozungumza lugha yangu.

Nilimwandikia mshauri wangu chuoni kabla ya kujibu. Jibu lake lilikuwa fupi: J-1 yangu inaniruhusu kazi iliyoandikwa kwenye DS-2019 tu. Kazi nyingine yoyote ya malipo bila ruhusa ya maandishi ya mdhamini ni kuvunja hadhi, na programu inaweza kusitishwa. Hata siku moja, hata kwa nia njema. Nilikataa kazi. Wengine hapa wameniambia hakuna atakayejua, "si unalipwa mkononi tu?" Ningejua mimi. Na siku afisa mwingine akiniuliza swali kama lile la Gigiri, nataka niweze kumtazama machoni.

Nilichoruhusiwa ni kujitolea. Kanisa moja lina darasa la Kiingereza la Jumamosi kwa akina mama, walimu wote hapo hawalipwi, na mshauri amelikubali. Leo ilikuwa Jumamosi yangu ya tatu. Mama mmoja kutoka upande wa Bukavu, nilipomuuliza watoto wako wapi, aliniambia, "Batoto beko ku masomo." Nilimwelewa mara moja, na yeye akanielewa, ingawa tulicheka wote kwa kusikia lugha moja imevaa nguo mbili. Nikamuuliza mama anasemaje kwa Kiswahili cha kwao shukrani. "Aksanti sana, mwalimu." Nilimfundisha kumwandikia barua mwalimu wa mwanawe kwa Kiingereza, mistari minne. Aliikunja mara nne akaitia kifuani.

Jumatatu nitaipeleka "batoto" darasani kwangu. Vijana wa Indiana bado hawajui kwamba Kiswahili kina nyumba nyingi.

Machi 2024

Tumeunganisha madarasa kwa video. Saa mbili asubuhi hapa ni saa kumi jioni Kwale, kabla Marekani haijasogeza saa mbele. Nilitumia nafasi hiyo kufundisha saa za Kiswahili: siku huanza jua likichomoza, si usiku wa manane. Kidato cha Pili, ambao sasa ni Kidato cha Tatu, walijipanga mbele ya simu ya mwalimu mkuu. Mmoja akauliza wanafunzi wangu, "Mnakula nini asubuhi?" Mmarekani akajibu, "Ninakula yai mbili." Kwale wote kwa pamoja: "Mayai mawili!"

Aprili 12, 2024

Kodi. Mwisho ni tarehe 15. Mgeni wa J-1 kama mimi huhesabiwa si mkaazi kwa ajili ya kodi, kwa hiyo hujaza fomu 1040-NR pamoja na 8843. Usitumie programu zile za kawaida za mtandaoni wanazotumia wenyeji. Hujaza fomu ya mkaazi, na mwenzangu aliyefanya hivyo sasa anaandika fomu ya masahihisho. Chuo kilitupa programu inayofaa wageni. Imenichukua jioni mbili.

Mei 21, 2024

DS-2019 yangu ilikwisha tarehe 10. Baada ya hapo kuna siku 30 za kufungasha na kuaga, ambazo huruhusiwi kufundisha wala kufanya kazi, na ukitoka nchini huwezi kurudi kwa karatasi ileile. Sikuzimaliza zote. Binamu wa Ohio alikuja kuniaga, akaniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Akanipa sanduku zima la vitabu vya hadithi, kilo 23 kamili, amevikusanya yeye na wanawe.

Nimetua Mombasa saa tatu usiku. Joto lilinipokea mlangoni mwa ndege. Ami alikuwa pale nje, amekuja kwa tuktuk, na kitu cha kwanza alichokibeba ni lile sanduku. Muhuri wa Kenya wa kuingia ni wa leo. Hesabu ya miaka yangu miwili inaanza hapo. Ukurasa huo nimeupiga picha.

Julai 2024

Chama cha lugha kimekutana mara nne. Vitabu 61 vimeandikwa kwenye daftari la kuazimia, 40 viko mikononi mwa watu.

Jana mwalimu mmoja wa Kilifi alikuja nyumbani na kompyuta mgongoni. Anataka kuomba FLTA ya mwaka ujao. Mama akamkaribisha chai. Nilimwambia asiifungue kompyuta kwanza. Nikamwomba atoe kitambulisho, shahada na pasipoti aviweke mezani kimoja kando ya kingine, na tukaanza kusoma majina.